Bertha Benz: Mwanamke aliyelitengeneza gari njiani kabla dunia haijawa na gereji

Ukikaa kwa muda kwenye gereji za mtaani, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Grogan jijini Nairobi, hutakosa kusikia ubishi juu ya Benzi. Mmoja atasema hakuna gari kama hilo. Mwingine atamjibu kwamba bei ya spea zake itamfilisi. Wa tatu, ambaye mara nyingi hana gari kabisa, ndiye atakayepaza sauti kuliko wote. Na katika ubishi huo hujitokeza dai moja ambalo tumelisikia mara nyingi, kwamba Mercedes alikuwa mke wa Benz, au binti yake.

Si kweli. Mercédès lilikuwa jina la binti wa Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyekuwa akiuza magari ya kampuni ya Daimler, na Daimler wakati huo walikuwa wapinzani wa Benz. Kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 1926, ndipo majina yakakaa pamoja.

Mke wa Benz aliitwa Bertha. Jina lake halikuandikwa kwenye hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya gari la mumewe. Hata hivyo fedha zake ziliiokoa karakana ambamo gari hilo lilikuja kuzaliwa, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulipeleka safari ya mbali, likamharibikia njiani, akalitengeneza na kurudi nalo nyumbani. Kwa mtu yeyote aliyewahi kuinama mbele ya boneti kando ya barabara akiwa hana spana inayofaa, maisha ya mama huyu yana mengi ya kusimulia.

Binti wa seremala

Bertha Ringer alizaliwa tarehe 3 Mei 1849 mjini Pforzheim, kusini-magharibi mwa Ujerumani ya leo, mji uliojulikana kwa mafundi wake wa dhahabu. Baba yake, Karl Friedrich Ringer, alikuwa seremala na mjenzi aliyejipatia mali kwa kazi ya mikono yake. Inasimuliwa kwamba siku Bertha alipozaliwa, kwenye Biblia ya familia paliandikwa maneno ya masikitiko kwa kuwa mtoto alikuwa wa kike tena. Inasimuliwa pia kwamba alikua akimuuliza baba yake maswali mengi juu ya namna vitu vinavyofanya kazi, na kwamba baba huyo hakuchoka kumjibu.

Mwaka 1869, akiwa na umri wa miaka 20, alikutana na Carl Benz. Kijana huyo alikuwa mtoto wa dereva wa treni aliyefariki wakati Carl bado mdogo sana, na mama yake alihangaika hadi akamsomesha uhandisi mjini Karlsruhe. Carl hakuwa na mali. Alichokuwa nacho ni wazo lililomkaa kichwani usiku na mchana, la chombo cha kutembea barabarani bila farasi na bila reli.

Mwaka 1871 Carl alifungua karakana ya kufua na kuchonga vyuma mjini Mannheim akiwa na mshirika aliyeitwa August Ritter. Ushirika huo haukwenda vizuri, na karakana ikawa hatarini kufa kabla ya kutimiza mwaka. Hapo ndipo Bertha, ambaye alikuwa mchumba tu, alipoingia. Alimwomba baba yake ampe mapema fungu lake la ndoa. Wasomaji wetu wasichanganye fungu hilo na mahari tunayoijua huku kwetu, ambayo hutoka upande wa mwanamume. Kule ilikuwa desturi wazazi wa binti kumpa mali ya kuanzia maisha. Fedha hizo zilitumika kununua sehemu ya Ritter, naye akaondoka.

Mtu anaweza kuuliza haraka ilikuwa ya nini. Kwa sheria za enzi hizo, mwanamke ambaye hajaolewa aliweza kuamua mali yake iende wapi, lakini akishaolewa uamuzi ulikuwa wa mume. Bertha na Carl walifunga ndoa tarehe 20 Julai 1872. Kuanzia siku hiyo, mwekezaji wa kwanza wa karakana ile hakuwa tena na sauti kisheria juu ya fedha alizowekeza.

Miaka ya njaa

Fedha zile hazikuleta utajiri wa haraka. Biashara ya ujenzi ilidorora, wateja wa karakana wakapungua, madeni yakaongezeka, na kuna wakati wadai walikuja kukamata zana. Watoto nao walikuwa wakizaliwa: Eugen mwaka 1873, Richard mwaka 1874, Clara mwaka 1877. Carl aliamua kuelekeza nguvu kwenye injini ya gesi ya mipigo miwili, akitumaini kwamba akiuza injini za kuendesha mashine viwandani atapata fedha za kulifanyia kazi wazo lake la gari.

Injini hiyo ilikataa kuwaka kwa muda mrefu. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1879, baada ya chakula, inasemekana Bertha ndiye aliyemshawishi mumewe warudi karakanani kujaribu mara moja zaidi. Wakawasha, ikaitika, na ikaendelea kunguruma wakati kengele za mwaka mpya zikilia mjini. Fundi yeyote anaijua furaha hiyo, pale injini iliyokukatalia wiki nzima inaposhika ghafla, nawe unaogopa hata kuizima.

Mwaka 1883 walipatikana washirika wenye mitaji na kampuni ya Benz & Cie. ikaanzishwa. Injini za viwandani ziliuzika. Washirika waliridhika na injini hizo, ila gari lisilo na farasi waliliona kama ndoto ya Carl iliyokuwa ikimpotezea muda. Tarehe 29 Januari 1886 Carl aliwasilisha maombi ya hataza mjini Berlin, nayo ikatoka kwa namba 37435. Hati hiyo sasa imo kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia ya UNESCO. Jina la Bertha halimo.

Gari zuri lisilotoka nje ya mtaa

Ifikapo mwaka 1888, hali ilikuwa hivi. Gari lilikuwepo, limeboreshwa mara kadhaa, na magazeti yalikuwa yameliandika. Lakini wanunuzi walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Watu waliliona likizunguka mitaa ya Mannheim, wakacheka, wakashangaa, kisha wakarudi kwa farasi wao. Farasi, hata awe mzee, alijulikana kwamba atakufikisha. Mashine hii nani aliyeijua?

Carl alikuwa fundi wa aina ile ambayo tunaifahamu sana. Kila akimaliza jambo, aliona lingine la kurekebisha. Gari halikuwa tayari, na kesho yake halikuwa tayari tena. Aina hii ya fundi hukutengenezea gari vizuri kuliko wote, ila halitoki gereji.

Kwa wapenda magari, tulieleze kidogo gari lenyewe. Lilikuwa na magurudumu matatu, mawili nyuma na moja mbele, na kifimbo cha kuongozea mahali pa usukani wa duara. Injini ilikuwa ya silinda moja, imelala nyuma chini ya kiti, na nguvu yake haikufika farasi watatu. Hapakuwa na stata. Injini iliwashwa kwa kuzungusha kwa mikono gurudumu zito lililolazwa nyuma ya gari. Nguvu ilitoka kwenye injini kwa mkanda wa ngozi, kisha ikafika kwenye magurudumu ya nyuma kwa cheni mbili, kama za baiskeli ila nzito zaidi. Breki zilikuwa vipande vya mbao vilivyokandamizwa kwa mkono wa chuma. Moto wa plagi ulitoka kwenye betri na koili.

Rejeta kama tunayoijua haikuwepo. Maji yalizunguka silinda, yakachemka, yakaondoka kama mvuke, na dereva akaongeza mengine. Kwa hiyo kuchemsha, jambo ambalo leo humtoa dereva jasho, kwa gari hili ulikuwa ndio utaratibu wake wa kawaida wa kupoa. Shida ilikuwa kupata maji ya kutosha. Faraja moja ilikuwepo: hakuna aliyeweza kupata pancha, kwa sababu tairi za upepo zilikuwa ndiyo kwanza zinabuniwa, mwaka huo huo, na John Boyd Dunlop kwa ajili ya baiskeli.

Alfajiri ya Agosti

Mapema Agosti 1888, shule zikiwa zimefungwa, Bertha alikuwa na umri wa miaka 39. Aliamua kwenda kumsalimia mama yake Pforzheim, mji wa karibu kilomita 106 kwa njia aliyopita. Hadi siku hiyo gari la injini lilikuwa halijasafiri zaidi ya safari fupi za kujaribia, na kwa kawaida fundi alikuwa karibu.

Alfajiri, Carl akiwa amelala, Bertha na wanawe wawili, Eugen mwenye umri wa miaka 15 na Richard mwenye miaka 13, waliliondoa gari karakanani. Inasimuliwa kwamba walilisukuma kwanza hadi mbali kidogo na nyumba ndipo wakaliwasha, ili kelele zisimwamshe baba. Mzazi yeyote ambaye mwanawe amewahi kuchukua funguo za gari usiku ataielewa mbinu hiyo, tofauti ni kwamba hapa mama ndiye aliyekuwa kiongozi wa njama. Mabinti wawili, Clara na mdogo wake Thilde, walibaki nyumbani. Carl alikuwa amepewa na mamlaka za Baden kibali cha maandishi cha kuendesha gari lake katika eneo hilo. Kibali kilikuwa cha Carl, na Bertha hakumwomba ruhusa.

Barabara za lami hazikuwepo. Zilikuwepo njia za mikokoteni, zenye vumbi, mawe na mifereji ya magurudumu ya farasi. Walipita Heidelberg wakielekea kusini, wakisimama kila mara kwenye nyumba za wageni, visima na vijito kuomba maji. Kazi ya vijana ilikuwa kuyachota na kuyabeba. Tukilitazama jambo hili kwa macho ya nyumbani, Eugen na Richard walikuwa utingo wa kwanza duniani, na kazi yao haikuwa tofauti sana na ya utingo wa leo: chota maji, sukuma, kimbia ukatafute fundi.

Mafuta kutoka duka la dawa

Sheli haikuwepo popote duniani. Injini ilitumia ligroini, kimiminika chepesi cha jamii ya petroli ambacho watu wa enzi hizo walikinunua kwenye maduka ya dawa kwa ajili ya kutoa madoa kwenye nguo. Watu walinunua kichupa kimoja, labda viwili. Walipofika mji mdogo wa Wiesloch, kusini mwa Heidelberg, mafuta yalikuwa yamepungua. Bertha akaingia katika duka la dawa la mji na kutaka ligroini kwa wingi ambao muuzaji hakuwa amezoea kuuza kwa mteja mmoja.

Kwa sababu hiyo mji wa Wiesloch hujivunia kuwa na kituo cha kwanza cha mafuta duniani, na nje ya jengo la duka hilo leo kuna sanamu ya ukumbusho. Tunakiri kwamba jambo hili hutufurahisha kila tunapolifikiria. Dereva wa kwanza wa masafa duniani alijaza tanki mahali ambapo wengine walinunua dawa ya kikohozi.

Pini, mkanda wa soksi, mhunzi na fundi viatu

Baada ya mafuta yalikuja matatizo mengine, na hapa ndipo safari inapowahusu mafundi.

Kwanza mrija wa mafuta uliziba. Mafuta ya enzi hizo hayakuchujwa kwa namna ya leo, na uchafu mdogo tu ulitosha kuifanya injini imisi kisha izime. Bertha alichomoa pini ndefu ya kofia yake, akazibua mrija, safari ikaendelea. Wasomaji waliowahi kuzibua karabureta ya pikipiki kwa uzi mmoja wa waya, au jiko la mafuta kwa kile kisindano chake, hawahitaji maelezo zaidi.

Kisha ganda la waya wa moto lilichubuka. Waya ukaanza kugusa chuma na kupiga shoti, na plagi ikakosa moto. Hapakuwa na utepe wa umeme. Bertha alivua mkanda wa mpira uliokuwa ukishikilia soksi yake, akauzungushia kwenye waya, na moto ukarudi. Wapo wanaoisimulia sehemu hii kwa kucheka kuhusu mavazi. Sisi tunaona jambo la kucheka liko kwingine. Ili kujua kwamba mpira utazuia shoti, ni lazima kwanza ujue kwamba tatizo ni shoti, yaani uwe umetofautisha injini iliyokosa mafuta na injini iliyokosa moto. Gari limezima porini, wewe una watoto wawili na hakuna mtu wa kumuuliza. Wangapi kati yetu leo wangeanza kwa kukisia, wakafungua kisichohusika?

Tofauti hiyo aliijua kwa sababu alikuwa amekaa karakanani miaka mingi, akitazama na kusaidia. Hakuwa abiria.

Cheni nazo zililegea, kama zinavyolegea cheni zote zikipata vumbi na mzigo. Hili halikuwa la kutengenezwa kwa pini. Mjini Bruchsal walimtafuta mhunzi, mtu aliyezoea kwato za farasi na majembe, akawasaidia kurekebisha. Hatujui kama mhunzi huyo alitambua kwamba alikuwa akihudumia chombo ambacho siku moja kingemwondolea wateja wake.

Kisha vikaja vilima. Gari lilikuwa na mwendo wa namna mbili tu, na wa taratibu kati ya hiyo miwili haukuwa wa taratibu vya kutosha kupandisha mlima wenye maana. Mmoja alibaki kushika kifimbo, wengine wakashuka kusukuma. Kupanda ilikuwa jasho, lakini hatari ilikuwa kwenye kushuka. Vipande vya mbao vya breki vilisuguliwa hadi vikaanza kuisha, na gari la uzito huo likikukimbia mteremkoni hakuna wa kulisimamisha. Katika kijiji cha Bauschlott, Bertha alimwendea fundi viatu na kumtaka apigilie ngozi juu ya mbao za breki. Ngozi ilishika vizuri kuliko mti mtupu, na ikiisha iliweza kubadilishwa bila kubadilisha breki nzima.

Kwa lugha ya gereji, hiyo ndiyo lainingi. Kila fundi wetu anayebandua lainingi iliyokwisha na kubandika mpya anafanya kazi ambayo fundi viatu yule wa kijijini aliianza kwa misumari na nyundo.

Walifika Pforzheim jioni, wakiwa wamechoka na wamejaa vumbi. Carl alipata habari kwa simu ya maandishi. Siku chache baadaye walirudi Mannheim kwa njia nyingine.

Ripoti ya dereva

Hapa tuweke tahadhari kidogo. Mengi tunayoyajua kuhusu safari hii yanatokana na kumbukumbu za familia yenyewe, zikiwemo zile alizochapisha Carl mwaka 1925, miaka 37 baadaye. Masimulizi hayalingani katika kila jambo. Wapo wanaompa Bertha wazo lote, na wapo wanaosema vijana ndio waliomchochea mama yao. Vilevile si rahisi kupanga kila tatizo mahali lilipotokea, wakati wa kwenda au wa kurudi. Kwa maoni yetu, anayeona shaka ya vipande hivi inaiondolea safari uzito wake hajatazama kilichotokea kwenye gari baada ya safari.

Bertha na wanawe walirudi na malalamiko kamili ya dereva. Gari halipandi, breki haziaminiki, cheni zinalegea. Carl aliongeza gia ya kupandia milima. Magari yaliyofuata yaliweza kwenda mahali ambapo lile halikufika bila kusukumwa. Vitu hivyo havikuonekana karakanani, wala kwenye mitaa tambarare ya Mannheim, kwa sababu huko hakukuwa na mlima wa kuvionyesha. Mafundi wetu wana tabia ya kulitesti gari barabarani kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Mama huyu alifanya testi ya kilomita 106 kwenda tu.

Watu nao waliona. Katika kila kijiji walichopita kulikuwa na macho. Ilikuwa vigumu tena kusema kwamba mashine ile ni mchezo wa fundi mmoja, wakati mama mwenye watoto wawili ameipitisha mlangoni kwako ikitembea. Mwezi uliofuata Carl alilionyesha gari lake mjini Munich na kupata medali ya dhahabu. Wanunuzi wakaanza kuja, kwanza zaidi kutoka Ufaransa kuliko Ujerumani. Mwaka 1894 likatoka gari dogo lililoitwa Velo, ambalo liliundwa kwa mamia. Mwaka 1899 Benz & Cie. iliunda magari 572 na ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote duniani katika kazi hiyo.

Wabenzi

Jina la Benz lilisafiri mbali zaidi ya Pforzheim. Baada ya uhuru, viongozi na matajiri wa Afrika Mashariki walipoanza kuonekana kwenye magari hayo, Kiswahili kiliwatengenezea kabila lao: Wabenzi. Neno hilo lilivuka mipaka, hata waandishi wa Ulaya na Marekani wakalitumia kuwaeleza vigogo wa Afrika. Lilikuwa neno la kejeli, na bado lina makali yake. Mbenzi alikuwa mtu anayeketi kiti cha nyuma, kioo kimepandishwa, dereva mbele, na asiyejua kama gari linatumia petroli au dizeli.

Ukilipima neno hilo kwa maisha ya Bertha, unaona kinyume chake. Mbenzi huyu alilipa kwa fungu lake la ndoa, akashinda njaa pamoja na watoto wake, akasukuma gari kilimani akiwa na gauni refu, na akarudi nyumbani akijua kila kilichoharibika.

Ladenburg

Carl hakuelewana na wenzake katika uongozi wa kampuni, na mwaka 1903 aliacha kazi ya kila siku pale. Familia ilihamia Ladenburg, mji mdogo karibu na Mannheim, ambako mwaka 1906 alianzisha kampuni nyingine pamoja na Eugen, mmoja wa wale utingo wawili, sasa akiwa mtu mzima. Walitengeneza magari machache huko hadi miaka ya 1920. Carl alifariki Ladenburg tarehe 4 Aprili 1929, akiwa na umri wa miaka 84.

Bertha aliishi miaka 15 zaidi. Aliona barabara za lami zikienea, vituo vya mafuta vikijengwa kila mji, na vita kuu mbili zikiendeshwa kwa injini. Tarehe 3 Mei 1944, alipotimiza miaka 95, chuo cha ufundi cha Karlsruhe, kile kile alichosoma Carl, kilimtunuku heshima ya kuwa seneta wa heshima wa chuo. Alifariki siku mbili baadaye, tarehe 5 Mei 1944, na akazikwa Ladenburg pamoja na mumewe.

Njia aliyopita imewekewa alama rasmi tangu mwaka 2008, na mtu mwenye gari anaweza kuifuata kutoka Mannheim hadi Pforzheim na kurudi. Mwaka 2016 jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la watu wa magari nchini Marekani. La Carl lilikuwa limeingizwa mwaka 1984, miaka 32 kabla.